Namna ya Kuingiza Linux Nyumbani na Bado Ukawekewa Chakula

Kila ukoo una mtu mmoja ambaye siku moja alichomoa waya wa kompyuta, akauchomeka tena, mashine ikawaka. Tangu siku hiyo anaitwa fundi. Hakusomea, hakuomba, na hakuna anayemlipa. Kama unausoma mwongozo huu, mtu huyo ni wewe. Pole, na karibu.

Shida yako naijua. Pale sebuleni, juu ya kitambaa cha kufuma, kuna kompyuta mpakato ya mtumba kutoka Kariakoo: Core i5 ya kizazi cha sita, ramu GB 8, na stika ya ofisi fulani ya Ulaya iliyogoma kubanduka. Ndani yake mna Windows 10 iliyopigwa na kijana wa dukani kwa flashi iliyotembea kuliko basi la mikoani. Sasa, tarehe 14 Oktoba 2025, nchi ikiwa mapumzikoni kumkumbuka Mwalimu Nyerere, Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Waliojiandikisha waliongezewa muda kidogo, kama mgonjwa anayeongezewa dripu. Windows 11 ipo, ila inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda mbele. Kwa kifupi, kompyuta yako imesimamishwa mlangoni mwa ukumbi kwa kukosa kadi ya mchango.

Unazo njia tatu. Ununue mpya, jambo ambalo Januari haitakuruhusu. Uendelee na hiyo hiyo, umwachie Mungu. Au uingize Linux, mfumo endeshi wa bure ambao kompyuta ya aina hiyo inauweza bila kuhema. Ukichagua njia ya tatu, fuata hatua hizi bila kuruka hata moja, hasa zile za kijinga, kwa sababu utazipitia hata nikikukataza.

Hatua ya 1: Zama kwenye utafiti mpaka usahau ulichokuwa unatafuta

Linux yenyewe ni kiini tu. Anayekichukua kiini hicho akakifungasha pamoja na madirisha, vitufe na programu ndiye anayetupatia kinachoitwa distro. Na kwa kuwa programu huria inamruhusu yeyote kuchukua, kubadilisha na kugawa, distro ziko mamia. Usiogope wingi huo. Uogelee.

Utakutana na Debian ya mwaka 1993, ambayo mwanzilishi wake, Ian Murdock, aliipa jina kwa kuunganisha la mpenzi wake Debra na lake mwenyewe. Vijana wetu mambo hayo huyaandika kwenye kibati cha bodaboda. Utagundua kwamba paliwahi kuwa na Ubuntu ya Wakristo na Ubuntu ya Waislamu, kwa hiyo hakuna upande wa ukoo wenye haki ya kununa. Paliwahi kuwa na Hannah Montana Linux, kwa heshima ya kipindi cha televisheni cha watoto. Korea Kaskazini nayo inayo yake, inaitwa Red Star.

Bingwa wa kweli hatagusa hata moja ya hizo. Ataitaka Gentoo, ambayo kwa desturi yake unapewa msimbo, na kompyuta yako ndiyo inayoketi kuijenga programu kutoka mwanzo. Ni kama kuagiza chipsi mayai ukaletewa mbegu za viazi na kifaranga.

Mimi nami nilitaka ubingwa. Nilichagua distro moja ya wababe, jina nalihifadhi kwa kuwa kosa lilikuwa langu, ambayo huanza na kioo cheusi na kistari kinachopepesa. Usiku wa nne ikawaka, inang'aa, ila kila kisichowekwa kwa mkono hakikuwepo, na sauti sikuwa nimeiweka. Mke wangu akaja kutazama tamthilia yake.

"Baba Neema, mbona hawa wanaongea kimyakimya?"

Nikamweleza kwamba huu ni mfumo wa watu huru, unakuachia uchague mwenyewe mtambo wa sauti unaoupenda.

"Mimi napenda inayosikika."

Wiki tatu za utafiti zilikuwa hazijanipa kigezo kilichonyooka namna hiyo. Kiandike mahali: mtu wa nyumbani anachotaka ni tamthilia yenye sauti, na wala haoni kama hapo kuna mfumo wa kuchagua.

Hatua ya 2: Rudi kwa unyonge kwenye zile tatu ulizozidharau

Wababe huziita distro za watoto. Zichukue hizo hizo, kwa sababu nyumbani kwako kuna watoto.

Ya kwanza ni Ubuntu. Ilitoka Oktoba 2004 kwa fedha za Mark Shuttleworth, tajiri wa Afrika Kusini ambaye miaka miwili kabla alikuwa amejilipia nauli ya kwenda anga za juu. Jina lake halina haja ya mkalimani: ubuntu wa kule kusini ndio utu wetu wa huku. Kwa miaka kadhaa walikuwa wakiwatumia watu CD kwa posta, bure, popote duniani. Toleo la kwanza walilibatiza ngiri mwenye chunjua, na tangu hapo wamejaza mbuga nzima. Ni mfumo imara, lakini sura yake imeshika njia yake: vitufe vimejipanga kwa wima upande wa kushoto, na mzee aliyezoea Windows atauliza Start imehamia mtaa gani.

Ya pili ni Zorin, kazi ya ndugu wawili wa Dublin, Ireland. Hawa wanaielewa hofu ya binadamu: kwa mibonyezo michache unaupanga muonekano ufanane na Windows aliyoizoea mzee. Toleo la bure linatosha kabisa kwa matumizi ya nyumbani. Toleo la 18 walilitoa tarehe 14 Oktoba 2025, siku ile ile ya msiba wa Windows 10. Hao ni watu wanaofika matangani na turubai la kukodisha likiwa tayari begani.

Ya tatu ni Mint, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Mfaransa Clement Lefebvre. Imejengwa juu ya Ubuntu, ila menyu iko pembe ya chini kushoto, pale pale kidole cha baba mkwe kinapokwenda chenyewe. Inakuja kwa nguo tatu: Cinnamon kwa kompyuta yenye afya, MATE kwa ya umri wa kati, na Xfce kwa ile inayopanda ngazi kwa kupumzika. Kima cha chini ni ramu GB 2, lakini ukiwa na GB 4 utaishi kwa amani.

Mint ina hatari moja ambayo miongozo mingine haiitaji. Kila toleo hupewa jina la mwanamke. La kwanza liliitwa Ada, jina ambalo mzazi wa Tanzania halisikii bila kushika mfuko. Katika matoleo ya karibuni wamo Virginia, Wilma, Xia na Zara. Mimi, kama mtafiti makini, nilikuwa naandika kila kitu kwenye daftari dogo, na daftari nikalisahau juu ya friji. Ukurasa ulisomeka hivi: "Virginia: nimeachana naye. Wilma: mwepesi, hana makuu, ananifaa mpaka 2029. Xia: bado sijamjaribu. Zara: wanasema ni mzuri zaidi, nitamleta nyumbani wikiendi."

Andika namba za matoleo. Ishirini na mbili haijawahi kuvunja ndoa ya mtu.

Hatua ya 3: Itisha kikao cha familia na utoe mhadhara

Familia haiwezi kuhama bila kuelimishwa. Simama mbele ya televisheni, iwe wakati wa mpira. Anza na mwaka 1991, Helsinki, ambako mwanafunzi wa miaka 21, Linus Torvalds, aliwatangazia wenzake kwamba anatengeneza mfumo endeshi kwa kujifurahisha tu. Rudi nyuma hadi 1983, umweleze Richard Stallman na mradi wake wa GNU. Fafanua kwamba "huria" inahusu uhuru na "bure" inahusu bei, na kwamba hayo ni mambo mawili. Onyesha picha ya pengwini.

Mdogo wa mwisho atauliza, "Baba, huyu bata kashiba nini?"

Hilo ndilo litakuwa swali pekee. Mama yangu, aliyekuwa amekuja kutoka Tanga kwa matibabu ya macho, alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mimi hayo ya Linux siyawezi. Nimeshazeeka." Akachukua simu yake ya Android, akamtumia dada yangu ujumbe wa sauti, akafungua kaswida, akapunguza mwanga. Android imejengwa juu ya kiini cha Linux. Bibi yule alikuwa mtumiaji wa Linux wa miaka mingi kuliko mtoa mhadhara. Nilitaka kumwambia, nikaona mpira umerudi.

Hatua ya 4: Uchumba kwanza

Uzuri wa distro hizi tatu ni kwamba unaweza kukaa nazo kabla ya kufunga ndoa. Unapakua faili moja la GB kadhaa, kwa hiyo tumia bando la usiku. Kisha uliweke kwenye flashi. Hapa wanaume wengi wamepotea: hulinakili faili kwenye flashi kama wimbo, kisha hushangaa kompyuta inaliangalia kama mgeni. Lazima litandazwe na programu ya kazi hiyo, kama Rufus au balenaEtcher. Flashi itafutwa yote, kwa hiyo isiwe ile yenye nyimbo za kwaya.

Washa kompyuta huku ukidonoa kitufe cha kuchagua flashi: mara nyingi ni F12 kwa Dell na Lenovo, F9 kwa HP. Donoa mfululizo, kama mtu anayegonga mlango wa mdaiwa akijua yumo ndani. Mfumo utawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa kitu diskini. Utakuwa mzito kidogo. Ni kwa sababu ya flashi, usimhukumu bi harusi kwa viatu vya kuazima.

Sasa mkague. Waifai inashika? Spika zinatoa sauti? (Umeshajifunza.) Kamera inaona? Ukifunika na kufunua inaamka? Printa ya mama mdogo inatoa karatasi? Kama waifai imegoma, unganisha simu kwa waya wa USB, washa kugawa intaneti, kisha ufungue kidhibiti cha viendeshi uone kama kuna cha kuongeza. Lisilofanya kazi kwenye uchumba usilisamehe kwa matumaini kwamba ndoa italirekebisha.

Na kama una akiba kidogo, toa diski ya zamani inayozunguka uweke SSD. Kompyuta itakuwa na kasi kuliko ambavyo distro yoyote ingeipa. Usimwambie mtu. Sifa zote mpe pengwini.

Hatua ya 5: Mke mmoja au ukewenza

Siku ya kusimika, programu itakuuliza kama unataka kufuta diski yote au kuiweka Linux pembeni ya Windows. Fundi jasiri hubonyeza kufuta, kisha hukumbuka picha za harusi. Fundi jasiri sana hukumbuka hesabu za kikoba cha mkewe, marejesho ya wanachama wote tangu kianze, zikiwa kwenye folda iliyoitwa "New Folder (3)".

Kabla ya kufuta, hamishia kila kitu kwenye diski ya nje, kisha, na hili ndilo watu huliruka, fungua mafaili matano au sita kutoka kwenye hiyo diski ya nje uone kama yanafunguka. Nakala ambayo hujawahi kuifungua ni ahadi ya mwanasiasa.

Ukiogopa kufuta, unaweza kuzikalisha zote mbili, ukachagua mojawapo kila unapowasha. Ni ukewenza, na masharti yake yanajulikana: uwe muadilifu. Windows itataka sehemu kubwa ya diski kwa kuwa ndiye bi mkubwa. Linux itasema GB 20 zinamtosha, lakini mpe 100. Na siku bi mkubwa akijisasisha anaweza kuamka akidai yuko peke yake nyumbani. Weka ile flashi karibu kwa ajili ya suluhu.

Ukifika kwenye kisanduku kinachouliza kama uweke programu za kuchezea muziki na video za kila aina, kiwekee tiki. Kitakuokoa na hadithi nzima ya Hatua ya 1.

Hatua ya 6: Weka Kiswahili, kwa uzalendo

Kazi ya kuzifundisha programu huria Kiswahili tuliianza mapema: mwaka 2004, kupitia mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyoongea lugha yetu. Kwa moyo huo huo, nenda kwenye mipangilio, chagua Kiswahili, na usubiri shukrani.

Zitachelewa. Nyumba yetu imeongea Kiswahili vizazi na vizazi, lakini kompyuta tumeijua kwa "sevu", "kopi" na "pesti". Shemeji yangu alikuwa anaandika barua ya kuomba kazi.

"Shemeji, sevu iko wapi?"

"Bonyeza Hifadhi."

"Ipi? Mikumi au Ngorongoro?"

Dakika tano baadaye alitaka kujua Hariri ni kitambaa au ni nini. Utagundua pia kwamba tafsiri haijakamilika kila mahali, kwa hiyo dirisha moja linaweza kukusalimia kwa Kiswahili na kukuaga kwa Kiingereza, kama mwanasiasa aliyezoea semina. Mimi nilipiga kura ya siri: watoto wakachagua Kiswahili, watu wazima Kiingereza. Kila mtu akafunguliwa akaunti yake na lugha yake, na neno la siri la msimamizi likabaki kwangu. Ndilo jambo la busara kuliko yote niliyoyafanya, na lilitokana na ugomvi.

Hatua ya 7: Jiandae kwa steshenari

Nyumbani mambo yatakwenda. Firefox ipo, WhatsApp inafunguka humo humo, filamu zinacheza. Neema atajaribu kufungua gemu lenye mkia wa .exe, halitafunguka, na virusi vinavyogeuza folda kuwa shotikati vikija na flashi ya shule navyo vitakaa pale kama wageni waliokosa mwenyeji. Furahia, ila usizubae kwenye masasisho: kwenye Mint, ile ngao ndogo pembeni ikiweka alama, iitikie. Washa pia Timeshift, ambayo hupiga picha ya mfumo ili siku ukiharibika uurudishe ulivyokuwa juzi. Picha hiyo ni ya mfumo. Mafaili ya familia yanahitaji ile diski ya nje.

Balaa liko nje ya geti. Programu ya ofisi, LibreOffice, inaandika vizuri, lakini kwa mazoea yake huhifadhi kwa mkia wa .odt. Neema alipeleka kazi ya shule steshenari saa moja asubuhi, siku ya kukusanya. Dada wa pale akalibofya faili mara mbili, akalitazama, akatoa hukumu: "Mdogo wangu, hili lina kirusi." Foleni nzima ikarudi nyuma hatua moja.

Tangu siku hiyo nyumbani kwetu kuna sheria iliyobandikwa ukutani: kinachokwenda kuchapishwa kinatoka kikiwa PDF, kinachokwenda kuhaririwa na wengine kinatoka kikiwa .docx, na kinakaguliwa kwanza kama jedwali halijahama makazi. Hesabu za kikoba zilifunguka salama, jumla ikawa ile ile. Kama zako zina makro za kubonyeza vitufe, zijaribu kwenye uchumba, usingoje siku ya mgao.

Hatua ya 8: Nyamaza

Hii ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo inayotenganisha fundi na mhubiri.

Miezi mitatu ikapita. Simu za "njoo uone, imeganda" zikakoma. Hakuna aliyeuliza habari za kiini, wala distro, wala pengwini. Nilianza kupata upweke. Wakati wa chakula nilikuwa natupia neno, "Kompyuta naona iko vizuri siku hizi," na watu wanaitikia "eeh", wananisogezea kachumbari.

Jumapili moja jirani alikuja kumjulia hali mama. Nilikuwa koridoni, nikasikia akiuliza imekuwaje kompyuta yetu inawaka haraka wakati ya kwake inazunguka mpaka chai inapoa. Moyo ukanidunda. Miezi mitatu nilikuwa nangoja swali hilo. Nikaanza kupanga pa kuanzia: Helsinki, au Stallman kwanza?

"Ah, ni mwanangu huyu," mama akamjibu, akipandisha kaswida sauti. "Kaniwekea Windows mpya. Nyepesi kweli, mashaallah."

Nikaingia sebuleni. Nikafungua mdomo. Mama akanitazama kwa macho yake yaliyotoka kutibiwa, yamejaa fahari.

"Siyo, mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Nenda basi ukale. Chakula chako kimefunikwa mezani."